Hotuba ya Sultani Zebaki

Alhamisi asubuhi Waridi alimuuliza mzee Sylvère maswali yaleyale mara nne, na mara zote nne mzee aliyajibu vilevile, bila haraka, kama mtu anayetaja jina lake.

"Ufunguo ilikuwa wapi, Jumanne saa sita?"

"Ku mukanda yangu, mama."

"Nani aliishika?"

"Mi peke yangu."

"Hakuna mutu alikuomba, hata dakika moja?"

"Apana. Na sitasema uongo ili nitoke."

Waridi akaweka kalamu chini. Alikuwa OPJ, ofisa wa upelelezi, kwa miaka kumi na tisa sasa, na katika miaka hiyo alikwisha kukutana na wezi wa kila namna. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujimaliza mwenyewe hivi. Mwizi mwenye akili timamu angesema ufunguo ulianguka, uliazimwa, ulisahauliwa mezani. Huyu kila akiulizwa anakaza kamba shingoni mwake kwa mikono yake miwili, tena kwa adabu.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa pumzi moja, na ndiyo maana Komisa Hyacinthe aliipenda. Sylvère alikuwa mlinzi wa Sinema Tulizo, ukumbi wa video kule Mutakura. Nyuma ya ukumbi kuna stoo yenye mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo, na kufuli. Humo mlikuwa na diski ya filamu mpya ya shujaa anayetoka ziwani, iliyotengenezwa palepale Bujumbura kwa miaka miwili ya jasho, na nakala nyingine haikuwepo. Mlikuwa pia na joho la fedha na kinyago cha adui wa filamu hiyo, Sultani Zebaki. Jumanne saa sita watu wote walikwenda kula. Saa nane walirudi, Sylvère akafungua kufuli mbele yao, na wakakuta rafu tupu. Kufuli zima, nondo nzima, ufunguo mmoja, mlinzi mmoja. Komisa akasaini. Ijumaa saa kumi kamili jalada lingepelekwa parke, kwa mwendesha mashtaka, na Sylvère pamoja nalo, na aliyeingia kule siku ya Ijumaa hatoki kabla ya Jumatatu hata kama ni malaika.

Jumamosi ilikuwa dote, sherehe ya mahari, ya Benite, binti wa mzee.

Hilo ndilo lililomkosesha Waridi raha. Wageni, ndugu wa bwana harusi, wangetoka Ruziba na vikapu vyao na msemaji wao, wangekaa upande mmoja, na upande wa pili angekaa baba wa binti, awapokee, awajibu, aseme ndiyo mbele ya watu. Baba asipokuwepo kwa sababu amekufa, watu huelewa. Baba asipokuwepo kwa sababu yuko kasho, mahabusu, kwa wizi, watu wa Ruziba nao huelewa, wakageuza gari.

"Muzee," Waridi alisema, "mi najua si we."

"Mi pia najua," alisema Sylvère. "Sasa tuko babili."

Kwenye korido alimkuta Melchior, mwenye filamu, amekaa kwenye benchi na mkate mrefu uliofungwa kwenye gazeti. Melchior ndiye aliyeandika filamu ile na kuiongoza. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, wa shati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama, na tangu Jumanne alikuwa akija kituoni kila siku kumletea Sylvère chakula. Askari walimsifu sana. Wengi wakiibiwa huleta matusi, huyu alileta mkate.

"Mama OPJ, mi sina hasira na yeye," alisema. "Mi ni mutumishi tu ya sanaa."

"Mungu akulipe. Kuna habari mupya?"

"Sultani ametuma sauti ingine. Ya ine." Akamtazama Waridi kwa makini. "Umeshasikia zote? Ya tatu, umeisikia mpaka mwisho?"

"Nusu."

"Ah," alisema Melchior, na akaonekana kama mtu aliyeambiwa chakula chake kimebakizwa. "Batu banasema nini juu yazo?"

Waridi alijibu kwamba watu wanasema mengi, akaingia ofisini na simu yake.

Tangu Jumanne jioni namba isiyojulikana ilikuwa ikituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la watengeneza filamu. Sauti ilikuwa imepitishwa kwenye mashine ikawa nzito, yenye mwangwi. Kampuni ya simu ilikwisha kuulizwa na ikaahidi jibu Jumatatu, kwa utaratibu, maana utaratibu haujali dote ya mtu. Komisa aliamini kwamba Sylvère ana mwenzake nje, anayetisha watu ili walipe wapate diski. Waridi akakaa, akavua viatu, akasikiliza zote nne kutoka mwanzo.

"Enyi watu wa Bujumbura! Mlidhani mimi nataka dhahabu? Mlidhani nataka kiti cha mfalme? Sitaki! Nataka mtazame juu. Hata Nabii Msa alikuwa na fimbo moja tu. Mimi ninazo mbili. Kesho hasubuhi mtanijua!"

Na kadhalika, na kadhalika, dakika moja na nusu kila mara. Waridi aliandika kwenye daftari: *Anataka nini?* Akasikiliza tena. Hakutaka chochote. Hakutaja diski, hakuweka sharti, hakutisha mtu kwa jina. Alikuwa anajieleza tu. Ujumbe wa kwanza kundi zima lilijibu kwa kelele na laana. Wa pili walijibu watu watano. Wa nne, wa asubuhi ile, hakuna aliyejibu, watu wamechoka, wana kazi zao. Baada ya dakika ishirini za ukimya Sultani Zebaki mwenyewe, mtikisa ulimwengu, aliandika chini yake: *Mmesikia?*

Waridi alicheka peke yake hadi askari wa zamu akachungulia mlangoni.

Kiswahili kile kilikuwa cha pwani, au kilijitahidi kuwa. "Hapana" yenye h yake, "mtu" bila u. Hapa Buja watu wasemao hivyo wanahesabika, na mmoja wao ndiye aliyevaa lile joho mbele ya kamera. Waridi akavaa viatu, akaenda mjini.

Azzan aliigiza Sultani Zebaki, lakini siku za kazi aliuza vitambaa kwenye duka la babu yake, mtaa wa Waasia. Familia ilitoka Oman, ikapitia Unguja na Kigoma, ikaweka mizigo chini Bujumbura kabla watu hawajaanza kuhesabu miaka. Mama yake, Bi Miza, alikaa nyuma ya meza na birika la kahawa, na hakuna mgeni aliyetoka pale bila kunywa. Waridi alikunywa vikombe viwili.

"Jumanne saa sita ulikuwa wapi, Azzan?"

"Bandarini, Bi Waridi. Marobota yetu kutoka Kigoma. Niliingia saa tano, nikatoka saa tisa, na jua lote lile nimelila mimi." Alivuta karatasi kutoka kwenye faili: mhuri wa saa tano na dakika kumi, mwingine wa saa tisa kasorobo, na sahihi ya wakala wa forodha. Waridi alizinakili saa zote mbili, akampigia simu wakala mbele yake. Wakala alithibitisha, na akaongeza kwamba Azzan alilalamika kuhusu jua kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Sikiliza hii," alisema Waridi, akamwekea ujumbe wa kwanza.

Azzan alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika kwa nabii na fimbo yake, Bi Miza akasema "Astaghfirullah," na Azzan akashtuka, kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima.

"Nabii nani? Rudisha. Nabii *Msa*?"

Waridi alirudisha.

"Bi Waridi, bibi yangu angenifukuza nyumbani. Msa ni nani? Na hiyo 'hasubuhi' ameiokota wapi?"

Waridi hakucheka. Alikuwa amerudi ghafla chuoni, madrasa ya Buyenzi, ana miaka minane, mbele ya mwalimu aliyetoka pwani na fimbo yake. Kila mtoto aliyesema "mutu" alichapwa, na aliyesema "apana" alichapwa, kwa hiyo watoto wakajifunza kanuni yao wenyewe: kata u zote, ongeza h kila mahali. Kwa mwezi mzima darasa lilisema mtu, mti, mtoto, na pia Mngu, Msa, hasubuhi, habiria. Mwalimu alikaribia kulia. Mtu wa pwani hawezi kukosea hivyo hata akilewa. Anayekosea hivyo ni mtu wa hapahapa, aliyelelewa na mutu na mutoto, anayejifunika Kiswahili cha wenyewe na hajui kinaishia wapi.

"Si we," alisema Waridi. "Ni mutu ya hapa anayejifanya we."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Miza, akamjazia kikombe cha tatu.

"Lakini maneno nayafahamu," alisema Azzan. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Ndiyo hotuba yangu ya kwenye filamu, ile ya juu ya paa. Tuliicheza kwa Kifaransa, hapa mtu kaifasiri. Dakika sita, Bi Waridi! Shujaa amefungwa, bomu liko tayari, na mimi nasema dakika sita. Nilimwomba Melchior aifupishe, akakaa siku mbili hanisemeshi."

"Na we ulipenda kuwa Sultani?"

"Mimi? Walinichukua kwa ajili ya pua. Melchior ndiye alikuwa akinionyesha kila neno, anavaa joho, anasimama, mikono hivi. Wallahi, alikuwa bora kuliko mimi."

Saa kumi jioni Waridi alikuwa Mutakura. Sinema Tulizo ni ukumbi wa viti mia mbili na shuka kubwa jeupe, na mfalme wake ni Shakuru. Filamu zinakuja kwa lugha za watu, na Shakuru hukaa pembeni na kipaza sauti, akazisema kwa lugha ya Buja, wahusika wote, wanawake, watoto, risasi na mvua. Huangalia filamu mara mbili tu, halafu anayo yote kichwani. Watu wa Mutakura huwaambia wageni kwamba filamu bila Shakuru ni kama chai bila sukari, na hawatanii.

Alisikiliza ujumbe wa pili mpaka katikati, akapiga paja.

"Eh! Hii njo ile niliruka!"

"Uliruka nini?"

"Jumapili tuliijaribisha, hapa, na batu ya mutaa. Kufika pale Sultani anapanda juu ya paa, anaanza kuongea, kuongea, kuongea... Dada, batu balianza kuangalia simu. Sasa mi nilisema tu: 'Huyu anajisifu. Mukule karanga kwanza.' Nikanyamaza mpaka amalize. Batu balicheka, we! Mwengine alianguka ku kiti."

"Na Melchior?"

"Alikuwa nyuma pale, ku ukuta. Alicheka pia." Shakuru akafikiri. "Alicheka kidogo."

Waridi akavuta kiti akakaa. Sasa alikuwa na furaha ile ambayo wapelelezi hawaiandiki kwenye ripoti, ya kuona uzi umeingia kwenye tundu la sindano.

"Shakuru, we umeona hawa maadui miaka mingapi?"

"Makumi mbili na tatu."

"Beko namna gani? Hawa ba majoho, ba hotuba."

Shakuru alijiweka sawa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, na ilionekana wazi kwamba jibu lilikuwa limeiva muda mrefu.

"Dada, hawa si bezi. Mwizi anataka kitu. Huyu anataka macho. Angalia vizuri: ameshamukamata shujaa, amemufunga, kisu iko hapa. Juu ya nini hamuui? Juu akimuua, nani atamusikia? Anamuhitaji ule shujaa kuliko bibi yake. Mu uso ya shujaa njo anajiona. Wengine bote ni viti tu. Anabomoa muji muzima, siyo kwa chuki. Hata habaoni batu."

"Na ukitaka kumukamata?"

"Kumutukana haisaidii. Mwambie ni mbaya, ni muuaji, ni shetani, atakushukuru. Mwambie ni mujinga," Shakuru akainua kidole, "atakuletea ushahidi mwenyewe."

Ijumaa saa tatu asubuhi Waridi aliyaweka yote mbele ya Komisa Hyacinthe: mihuri ya bandari, hotuba iliyorukwa, Nabii Msa. Komisa alisikiliza kwa heshima, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa makaratasi.

"Waridi, unataka nifungulie mutu juu ya u moja imekatwa?"

"Na h moja imeongezwa, Komisa."

"Melchior njo alileta mashtaka. Ni filamu yake! Mutu anaiba kitu yake mwenyewe? Niletee kitu mi naweza kushika mukononi. Saa kumi gari inaondoka."

Kwa hiyo ikawa kwamba Ijumaa hiyo, watu walipotoka msikitini, walikuta mlangoni kwa Sinema Tulizo ubao wa chaki: *LEO SAA NANE. SHAKURU ANASEMA FILAMU BILA FILAMU: WIZI YA SULTANI ZEBAKI. BURE.* Bure ni neno lenye nguvu Mutakura. Saa nane kamili viti vilijaa, na kundi zima la filamu lilikuwepo, Azzan mbele kabisa. Melchior alisimama nyuma, mgongo ukutani, mikono kifuani. Waridi alisimama karibu naye na mfuko wa karanga.

"Ni wazo muzuri," alisema Melchior kwa upole. "Batu basisahau."

"Njo nilifikiri pia," alisema Waridi. "Karanga?"

Shuka lilikuwa jeupe, halina kitu. Shakuru akashika kipaza sauti.

"Bamama na bababa! Jumanne, saa sita, jua inaunguza, batu beko banakula maharagwe. Nani anakuja pale nyuma? Ni Sultani Zebaki!" Akapiga ngoma kwa midomo. "Ameona mulango. Mulango iko na kufuli. Sultani anaogopa kufuli! Anazunguka. Ameona dirisha. Anaingiza kichwa... kichwa inakatala! Ni kubwa, imejaa mawazo! Anasukuma, anasukuma, matako yanabaki inje, kuku inapita inamuangalia..."

Ukumbi ulilipuka. Bibi mmoja alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Waridi hakuangalia mbele hata kidogo, aliangalia mikono ya Melchior. Ilikuwa imetoka kifuani.

"Ameanguka ndani! Mu ndoo! Anachukua joho, anavaa... ameivaa nyuma mbele! Anajikwaa! Anataka kusema hotuba yake, lakini ameisahau! Anasema: Mi ni Sultani... Sultani nani tena?"

"Si kweli," alisema Melchior, kwa sauti ya chini.

"Wacha," alisema Waridi, akitafuna. "Mwizi mujinga kama ule, ilikuwa vile tu."

"Anatoka anakimbia," aliimba Shakuru, "suruali imepasuka, hata kuku inamukataa..."

"Apana!"

Sauti ilijaa ukumbi bila kipaza sauti. Vichwa mia mbili viligeuka. Melchior alikuwa ameondoka ukutani, amesimama katikati ya njia kati ya viti, mkono mmoja juu, na Waridi aliona kwa macho yake alichosema Azzan: jamaa alikuwa bora kabisa.

"Mutu kama ule apitie dirisha? Alipita ku mulango! Na ufunguo yake mwenyewe, polepole, bila kutoka jasho! Alivaa joho, alikuja hapa, hapa mbele ya shuka, na viti mia mbili tupu. Alisema hotuba yote. Dakika sita! Hakukosa hata neno moja! Nilisimama pale," na kidole chake kikaelekea mbele, "na nilisema yote, na ilikuwa muzuri, na hakuna mutu alikula karanga!"

Mahali fulani katikati ya maneno yale "a" ilikuwa imegeuka "ni". Kila mtu aliisikia isipokuwa yeye.

"Na nani alikuwa anakusikia?" aliuliza Waridi.

Melchior alimtazama. Mkono ukashuka taratibu.

"Mi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Waridi, ambaye hakuwa mwepesi wa huruma, alimhurumia kwa muda wa kumeza karanga moja. Halafu akanyoosha mkono.

"Funguo zako."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Mbele ya Azzan na Shakuru, walioitwa mashahidi na kuandikwa kwenye PV, taarifa rasmi ya polisi, kwa majina na anwani, Waridi alijaribu funguo saba za Melchior kwenye kufuli la stoo, moja baada ya nyingine. Ya tano ililifungua bila ubishi. Melchior ndiye aliyenunua kufuli lile mwaka uliopita, na kufuli jipya huja na funguo zaidi ya moja. Diski na joho, alisema mwenyewe bila kuulizwa, viko kabatini kwake, joho limetundikwa vizuri ili lisikunjike.

Ndani ya gari, pingu mikononi, alikuwa ametulia, karibu mwenye furaha.

"Mulisikia ya tatu?" aliuliza. "Sema kweli. Ile ya fimbo ni ya kawaida, lakini ya tatu..."

"Ungerudisha diski lini?"

"Kesho kutwa. Sultani angeirudisha yeye mwenyewe, mbele ya batu bote. Ilikuwa imepangwa."

"Na muzee Sylvère? Siku tatu kasho, na mutoto wake ana dote."

"Nilimupelekea mukate."

"Mu hii hadithi yako, Melchior, yeye alikuwa nani?"

Melchior alifikiri kwa dhati. Ilikuwa dhahiri kwamba swali hilo halijawahi kumpitia kichwani.

"Mulinzi," alisema. "Mu kila filamu iko na mulinzi."

Waridi aligeuka akatazama barabara.

Komisa Hyacinthe alishika ufunguo mkononi, akaugeuza, akasoma PV mara mbili, akaomba kalamu. Saa kumi kasoro dakika kumi Sylvère alitoka kasho akiwa na viatu mkononi, na shati la Jumanne. Benite alikuwa getini tangu asubuhi. Alikuwa binti mrefu, mkavu wa maneno, nywele zimesukwa tayari kwa kesho.

"Bababa badogo balikuja," alimwambia baba yake, bila salamu. "Balisema mumoja wao akae ku kiti yako, wageni basijue. Nilibaambia kiti itakaa tupu, na mi nitakaa chumbani."

Sylvère alilia palepale mbele ya askari wa zamu, wazi kabisa, na Benite akamshikia viatu. Waridi alijisikia vizuri mwilini mwote, kama mtu aliyevua mzigo kichwani, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo.

"Ba Ruziba beshasikia," alisema Sylvère alipopata sauti. "Bote banajua nilifungwa. Nitabaambia nini?"

"Usiseme kitu," alisema Waridi. "Kesho mi nitakuja. Nitavaa uniformu, na nyota zangu zote, nitakaa karibu yako mbele kabisa, baone kama polisi yenyewe inakuheshimu."

Mzee alifuta uso kwa mkono, akamtazama kwa upendo mkubwa.

"Apana, mama," alisema. "Kuja, lakini vaa kitenge. Bakiona uniformu, batafikiri umenisindikiza tu, na saa kumi unanirudisha."

Benite ndiye aliyecheka kwanza, halafu askari wa zamu, na Waridi akaenda kutafuta kitenge.